YAH: Maombi ya Kufundishwa Kuhesabu Marehemu

Kwa Idara ya Afya,
Jimbo la New York, Marekani.



Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, Tanga. Kazi yangu ni daftari: nani kalipa ada, nani anadaiwa, nani katutoka. Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kishamba. Mwanachama akifariki namwandika kafariki. Awe kafia kitandani kwake, wodini, shambani au ndani ya daladala, kwangu ni marehemu mmoja na sanda ni moja. Juzi nimesoma juu ya kazi yenu ya mwaka 2020 nikashika kichwa. Kumbe hela ya wanachama nimeitapanya bure.

Mnisahihishe nikikosea. Mzee anaishi katika nyumba ya kulelea wazee, na korona inampata humo humo. Homa inapanda, pumzi inambana, gari la wagonjwa linamchukua, siku ya tatu anafia hospitali. Katika hesabu mliyokuwa mkiitangaza ya vifo vya nyumba za wazee, mzee huyo hayumo. Kwenye jumla ya jimbo yumo, ila kule alikoambukizwa hakuna aliyekufa. Majimbo mengine yalimfuata mtu kwenye makazi yake, ninyi mkamfuata kwenye kitanda chake cha mwisho. Wahenga wetu walidai kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maskini, hawakujua kwamba na kifo chenyewe kinafichika.

Ustadi huu haukumfurahisha Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu, Letitia James. Tarehe 28 Januari 2021 alitoa ripoti iliyochungulia hesabu za nyumba 62. Nyumba moja, ambayo hakuitaja jina, ilikuwa imewaambia ninyi hadi mwanzoni mwa Agosti kwamba imefiwa na watu 11: watano wamethibitishwa, sita wanashukiwa. Ofisi yake ilipouliza, nyumba hiyo hiyo ikajibu 27 walifia ndani na 13 hospitali. Arobaini. Hapo hata kanuni yenu ya kitanda cha mwisho haisaidii, maana waliofia ndani peke yao ni zaidi ya mara mbili ya wale mlioandikiwa. Mimi kikao kikigundua marehemu mmoja hayumo daftarini, ukatibu sina tena.

Kilichonivutia zaidi ni wepesi wenu. Wabunge walikuwa wakiwaomba takwimu za waliofia hospitali tangu Agosti 2020, na kituo kimoja cha utafiti kikaona bora kiende mahakamani. Mkasema subirini, tunahakiki. Ripoti ya mama huyo ilipotoka, siku hiyo hiyo kamishna wenu wa wakati huo, Howard Zucker, akazipata: wakazi 3,829 waliothibitishwa kuwa na korona walifia hospitali. Uhakiki wa miezi ukaisha kabla ya chakula cha jioni.

Kesho yake gavana wenu wa wakati huo, Andrew Cuomo, akauliza nani anajali kama walifia hospitali au nyumba ya wazee, si wamekufa tu? Nilimuunga mkono kwa mikono miwili, maana ndivyo nilivyokuwa nikihesabu mimi. Ila kama ilikuwa hivyo, kazi yote ile ya kuwatenganisha mliifanyia nini? Gavana mwenyewe Oktoba iliyotangulia alikuwa ameshatoa kitabu cha mafunzo ya uongozi wakati wa janga. Kuandika kitabu cha sifa kabla daftari halijafungwa! Nakiri nimemwonea wivu.

Nilipolipeleka jambo hili kwenye kikao, muuguzi mstaafu, mama mmoja asiyekubali kitu kirahisi, alinikatiza. Wakati wa kipindupindu, alisema, tulikuwa tukiuliza mgonjwa kachota maji wapi. Hatukuuliza kafia wapi. Ukitaka kujua barakoa, vipimo na wakaguzi viende nyumba ipi, lazima ujue ugonjwa unakaa nyumba ipi. Nyumba inayowahi kuwapakia wagonjwa wake kwenye gari itaonekana salama kuliko zote.

Akaendelea, hakunyamaza. Akalileta agizo lenu la tarehe 25 Machi 2020, lililozikataza nyumba za wazee kumkataa mgonjwa anayetoka hospitali kwa sababu tu ana korona, au kudai apimwe kwanza. Hadi lilipotenguliwa tarehe 10 Mei, zaidi ya wagonjwa 9,000 walikuwa wameingizwa au kurudishwa humo. Julai mkatoa ripoti kwamba ugonjwa uliingizwa na wafanyakazi. Huenda ni kweli. (Katika kazi hizo za kuogesha na kulisha wazee wa watu wamo pia vijana waliotoka huku kwetu, na lawama haikuwahi kukosa njia ya kushuka hadi kwao.) Lakini ripoti hiyo nayo haikuwahesabu waliofia hospitali. Mama akauliza: unapimaje kina cha kisima kwa kamba uliyoikata mwenyewe?

Nilimjibu kwamba hamkuwa peke yenu. Hata serikali kuu kule Washington ilisubiri hadi Mei 2020 ndipo izilazimishe nyumba hizo kutoa taarifa za maambukizi kila wiki, na ya kabla ya hapo kila nyumba ikaachiwa hiari yake. Akacheka tu.

Hata hivyo wajumbe wengi wameupenda mpango. Nimepitia daftari la miaka ya karibuni na kuona kwamba wanachama wetu wengi walifia hospitali. Kwa hesabu ya New York mtaa wetu ni wa watu wasiokufa, na mfuko ungekuwa umejaa kiasi cha kununua viti vipya vya plastiki na turubai. Kwa hiyo tunaomba mtutumie mwongozo, hasa kuhusu anayekata roho njiani: tumwandike kwetu, hospitalini, au kwa dereva?

Tafadhali mjibu mapema. Kuna mzee wetu mmoja nyumba ya tatu kutoka kwangu, tangu juzi anahema kwa shida, na wanawe bado wanashauriana. Mweka hazina ameshakodi bajaji kwa hela yake mwenyewe, yuko mlangoni kwao anawahimiza wampeleke hospitali leo leo, kabla ya magharibi.

Wenu mtiifu,
Katibu