Saa Kumi na Tano, Wanasema

Kikokotoo cha umbali kina raha zake. Unakipa Nairobi na New York, nacho kinakuchorea upinde safi juu ya Sahara na Atlantiki: kilomita zipatazo 11,800, saa 15 hivi kwenda, 14 kurudi, maana upepo wa huko juu huvuma kuelekea mashariki. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja.

Upinde huo, maskini, hauijui Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni. Haumjui shangazi aliyeleta nusu ya kijiji kukusindikiza, anayetaka maombi yaanze palepale maegeshoni. Wala haujaiona mizani: sanduku linasoma kilo 26, ruhusa ni 23, nawe umepiga magoti mbele ya foleni nzima ukichagua kati ya unga wa wimbi na viatu vya harusi. (Viatu vinabaki. Unga umetoka kwa mama.)

Ukishatua na kumaliza maswali ya uhamiaji, binamu aliyeahidi kukupokea anatuma ujumbe kwamba yuko njiani. Kwa vipimo vya kwetu, huyo bado anaoga.