Mkwe Aliyetoka Ziwani

Kutoka Bariadi hadi baharini ni zaidi ya kilomita 600, na hizo ni za kunguru asiyehitaji kushuka Shinyanga kubadilisha basi. Mtu aliyezoea kuogelea baharini, kazi ikimleta huku, ana njia mbili: aache, au awe kituko. Mimi nina mke Msukuma, kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kaptura ya kuogelea inayobana kuliko inavyostahili umri wangu. Nikaangukia njia ya pili bila kusukumwa.

Nimekulia Tanga. Kule Raskazone watu wazima na heshima zao huingia majini kabla ya chai ya asubuhi, wakatoka, wakaenda ofisini, na hakuna anayewauliza kitu. Swali pekee ni kama maji yamejaa au yamekupwa. Siku za bamvua bahari inakimbia mbali hadi unaifuata kwa miguu ukiikanyagia majani. Siku za maji mafu haina haraka ya kwenda popote. Unaipanga siku yako kwa mwezi, na mwezi haujali unafanya kazi gani.

Bariadi kuna malambo. Lambo limechimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe wanalijua hilo. Nilijaribu moja nje kidogo ya mji, jioni, nikiwa na miwani ya majini na kofia ya mpira. Kundi zima liliacha kunywa likanitazama. Vijana wachungaji, ambao huvuka lambo hilohilo wakiwa wameshika mkia wa dume na wanapiga mluzi, walikaa ukingoni wakiangalia mitindo yangu ya Tanga, mkono huu, mkono ule, kichwa kushoto kuvuta pumzi. Mdogo wao akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Baba, kwani unapotaka kwenda ni wapi?" Nilikuwa nimezunguka na kurudi palepale. Sikuwa na jibu. Na maji yenyewe, sitaeleza. Ng'ombe hatoki majini kwenda kujisaidia.

Kwa hiyo ikabaki Busega. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, sehemu kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga, ambako ziwa halifiki. Ni Busega, iliyomegwa kutoka Magu upande wa Mwanza, iliyotuletea kipande cha Ziwa Victoria. Aliyechora mpaka ule simjui, lakini namwombea. Kutoka Bariadi unapita Dutwa, lami tupu, kilomita 70 hivi, unashukia Lamadi kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Watalii wakifika hapo wanatafuta geti la Ndabaka, waingie Serengeti. Mimi nageukia upande wa pili, kwenye Ghuba ya Speke. Speke mwenyewe aliliona ziwa hili mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, akaondoka. Sijasoma popote kwamba alivua hata viatu.

Mtu wa pwani akiingia ziwani anashangazwa kwanza na uzito wake mwenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayokubeba. Ukilala chali Raskazone unaweza kupanga bajeti ya mwezi. Ziwani hakuna anayekubeba. Miguu inaanza kushuka taratibu, ukiisahau inakuita. Isitoshe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na pumzi uliyokuja nayo kutoka Tanga haitoshi. Nilikunywa maji mengi siku za mwanzo. Yana ladha ya dagaa waliofikiria jambo kwa muda mrefu.

Halafu kuna suala la saa. Mchana ni wa kichocho. Konokono wa majini huachia mabuu wakati jua limepamba, na mabuu hao hupenya ngozi bila hodi. Niliyajua haya nikiwa nimeketi mbele ya mhudumu wa afya aliyekuwa akinijazia kadi.

"Umegusana na maji ya ziwa?"

"Ndiyo."

"Unavua?"

"Hapana."

"Unalima mpunga?"

"Hapana."

"Unavusha watu?"

"Naogelea tu. Kwa afya."

Aliweka kalamu chini. Dozi ya praziquantel ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na kidonge kina miligramu 600. Kwa kilo zangu 75 ni vidonge vitano, vikubwa, vichungu. Wanafunzi wa shule za msingi huku hupewa dawa hiyohiyo. Akanihesabia akirudia polepole, "Kwa afya," kila kidonge kimoja kikidondoka kwenye bahasha.

Usiku ni wa viboko. Wanatoka majini giza likiingia kwenda kula majani, na kuna jambo moja kuhusu kiboko ambalo liliniuma nilipolijua: hajui kuogelea. Mnyama mwenye zaidi ya tani moja, anayeshinda majini kutwa, anatembea tu chini kwa miguu kama mtu anayekwenda sokoni. Na bado ziwa zima linamheshimu yeye, si mimi.

Ikabaki alfajiri, na alfajiri ni ya wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi inarudi mwaloni kunapopambazuka. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na watu wa kandokando ya ziwa hawana mzaha na mkono wanaouona unarushwa majini. Basi nikaokolewa. Nilisikia kasia, kisha mkono ukanishika kwapa, kisha nikawa juu ya lundo la dagaa, miwani imehamia kidevuni.

"Kaka, tulia! Usimshike mtu shingo!"

"Sizami, ndugu zangu. Naogelea."

"Wote husema hivyo," alisema nahodha, na nadhani alikuwa akisema kweli.

Niliwaeleza kwamba huu ni mchezo. Nikawaambia tangu mwaka 2008 Olimpiki ina mashindano ya kuogelea kilomita 10 kwenye maji ya wazi. Walisikiliza kwa adabu. Kijana wa kwenye tanga akauliza, "Hawana mtumbwi?" Nikasema wanao, lakini hawaupandi. Hapo ndipo waliponipa shuka la kujifunika, kwa jinsi unavyompa mgonjwa.

Kuokolewa kuna gharama, soda kwa kila aliyeshika kasia, na mimi niliokolewa tena na tena, na mitumbwi tofauti. Mwisho mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo ule, akaona niandikishwe, ili watu wajue ni nani. Karani alifungua daftari la vyombo, akapiga mstari kwa rula. Jina la mmiliki, akaandika. Idadi ya wavuvi, akaandika moja. Aina ya zana, akaweka kistari. Kwenye safu ya chombo alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatia mate kidole, akafikiri, akaandika: Mwenyewe. Urefu wa chombo aliuliza nikamtajia. Injini, hakuna.

Baada ya hapo nilipata amani. Mitumbwi ikawa inanipita, watu wakinisalimia "Mwangaluka!" kutoka juu, nami najibu nikimeza nusu ya salamu. Nguo zangu zilitunzwa na mama muuza chai pale mwaloni. Ningeweza kuendelea hivyo miaka, kama si magugu maji.

Magugu haya yaliingia ziwani kwenye miaka ya 1980, na hayana makazi. Upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha majani na maua ya zambarau kinafunga safari. Siku hiyo nilikwenda mbali, nikageuka kurudi, nikakuta mwalo umezibwa, kijani tupu. Humo ndani hukaa nyoka, na mimi chombo kisicho na injini sikutaka kujua zaidi. Nikafuata ukingo wa majani hayo, nikapita kichwa cha mawe, hadi nilipoona mchanga mweupe na njia ya kutokea. Nikasimama. Maji magotini, kaptura ile, kofia ya mpira, miwani.

Mbele yangu kulikuwa na akina mama wanafua. Wa katikati alikuwa mama mkwe.

Kwa Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Tukikutana njiani nikiwa nimevaa suti, bado mmoja wetu hukaa pembeni mwingine apite. Alinigeuzia mgongo kwa kasi ambayo sikujua anayo. Nami nikarudi majini hadi kifuani.

"Shikamoo, mama," nikaliambia ziwa.

"Marahaba, baba," akaujibu mlima. "Hamjambo huko Bariadi?"

"Hatujambo. Watoto wanakusalimu."

Kimya. Kisha akamnong'oneza mjukuu aliyekuwa akisuuza sufuria, naye akaja hadi ukingoni amebeba kanga. "Bibi anasema uvae hii uende."

Sasa, kuvaa kanga ya mama mkwe ni kosa ambalo sijui hata faini yake ni ng'ombe wangapi. Nikamwambia mtoto arudishe, nashukuru, mimi bado naendelea kidogo. Nikaogelea kurudi nilikotoka, nikapita katikati ya magugu na nyoka wao wote.

Jioni mke wangu alipigiwa simu na baba yake. Mzee aliongea kwa upole mwingi. Alisema wamekaa kama familia, hakuna aliyekasirika, na kwamba wote wanajua hali ya maji Bariadi. Ule mradi mkubwa wa kuyavuta maji ya ziwa kuyapeleka Bariadi na Itilima upo, serikali imeshasema. Mwambie mkwe avumilie, bomba linakuja, atakuwa anaoga nyumbani.