Namna ya Kumkaribia Mungu Bila Majirani Kupitwa

Mpendwa, habari zako tunazo. Uhusiano wako na Mungu umepoa: Biblia imeshika vumbi, ibada ya kwanza huiwezi, ya pili unaikuta kwenye matangazo, na mara ya mwisho kushinda na njaa ni siku gesi ilipokuishia. Usikate tamaa. Wengi walikuwa kama wewe na leo wanaitwa watumishi.

Wanaoanza huharibu mapema kwa kufuata Mathayo sura ya sita. Pale Yesu anamtaka anayesali aingie chumbani, afunge mlango, azungumze na Baba yake sirini. Ushauri mzuri, ila ulitolewa kabla ya stetasi. Ukijifungia ndani peke yako, nani atajua kwamba uliamka saa tisa usiku? Na iwe saa tisa kweli. Saa mbili asubuhi hata wapagani wako macho. Tandika kitambaa cheupe mezani, fungua Biblia kwenye Zaburi (ziko katikati, kitabu hakijifungi), weka pembeni kalamu ya rangi na kikombe cha chai inayofuka mvuke, piga picha. Andika: "Mimi na Baba tu." Watu mia mbili wakishaiona, rudi ukalale.

Ukiombwa kufungua kikao kwa sala, usiharakishe. Sala ya Bwana, hata ukiisema taratibu, haimalizi dakika moja, lakini hilo lisikupotoshe: Yesu hakuwa na maikrofoni. Anza kwa kumweleza Mungu yeye ni nani, mkumbushe uumbaji, mpitishe Misri na jangwani, ndipo uingie kwa mgonjwa tunayemwombea, na umtajie Mungu kwa ukamilifu ugonjwa ambao familia yake imeuficha mwaka mzima.

Sauti nayo usiisahau. Spika zielekee mtaani, hasa upande wa nyumba yenye mtoto mchanga. Kule mlima Karmeli manabii 450 wa Baali walipiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Eliya akawahimiza waongeze, kwani huenda mungu wao yuko safarini au amelala. Anayeona kejeli haina nafasi kwenye mambo ya dini ampelekee Eliya malalamiko. Yeye mwenyewe alisali maneno machache, moto ukashuka. Lakini basi, hakuwa na mkesha wa kusukuma mpaka alfajiri.

Kufunga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, sharti ni moja tu: njaa isipotee bure. Kitabu kinasema unawe uso na kujipaka mafuta ili watu wasijue kuwa umefunga. Sasa wasipojua, wakikukaribisha chakula utajibuje? Saa saba mchana wenzako wa ofisini wakiagiza wali maharage kwa mama ntilie, subiri wakuulize mara mbili, shusha pumzi, sema polepole: "Mimi niacheni, niko kwenye mfungo." Kama ni kavu, bila hata maji, ongeza hilo. Mungu anajua tayari. Mama ntilie ndiye anayehitaji kuarifiwa.

Kuhusu mafuta, maji, chumvi na vitambaa vya upako nilitaka kuwa na mengi, ila utani hapo unanikwama kooni. Jumamosi ya Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini kwenye mkutano wa injili. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na magonjwa, madeni na watoto wasio na kazi, na waliambiwa baraka iko mlangoni. Tuendelee.

Mahali pazuri pa kukua kiroho mbele ya kadamnasi ni kwenye mnada, Jumapili baada ya ibada, hasa usharika ukiwa na jengo lisiloisha. Mzee wa kanisa anainua jogoo aliyefungwa miguu kwa kipande cha kitenge, ametulia kama mshitakiwa anayesubiri hukumu. "Elfu kumi na tano mara ya kwanza!" Wewe nyamaza. Waache wanyonge wapandishiane buku mbili mbili mpaka wachoke, kisha tamka elfu sitini kwa sauti ya mtu asiyehesabu. Vigelegele. Ukikabidhiwa jogoo usimpokee, sema, "Mpelekeeni mchungaji." Hapo utaona hata mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anakutafuta kwa macho. Nyuma kabisa, karibu na ndoo za maji, amesimama fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya yenu wakati wa Pasaka na anayekudai nusu ya pesa yake hadi leo. Naye anapiga makofi. Ni mtu wa Mungu.

Nikuonye pia juu ya njia moja ya zamani, usije ukaingia humo kwa bahati mbaya. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba, na moto ulioanza kwao na kwa wenzao uliingia Kenya na Tanganyika kabla ya mwaka 1940 kwisha. Ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mabibi zetu walokole waliuishi. Matata yake ni haya: mtu akiokoka, alitakiwa kutaja dhambi yake yenyewe, siyo "tumekosa kwa mawazo na matendo" tu, kisha arudishe alichochukua. Walirudisha vitu vya waajiri wao. Walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa na wadai. Waliwafuata watu waliokuwa wamewachukia, wakaomba radhi kwa mdomo wao wenyewe. Hakuna picha.

Jambo hilo hawakulibuni. Zakayo aliposhuka mtini alitangaza kurudisha mara nne. Na sura moja tu kabla ya ile ya chumba na mlango, Yesu anasema mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende wakapatane kwanza. Hebu fikiria mchungaji atangaze hilo Jumapili hii, kabla bahasha hazijapita, na watu wamtii. Nusu ya waumini wangetoka nje kwenda kutafutana. Wengine wangepanda basi la mkoani. Mnada ungeahirishwa, jogoo angerudi nyumbani, na bati za usharika zingesubiri mwaka mwingine. Nadhani Mungu angevumilia hizo bati.

Basi, mpendwa, kama umesoma mpaka hapa na kuna fundi anakudai hela ya sare, weka gazeti pembeni umtumie sasa hivi. Na ya kutolea.