Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mwanafunzi wa Uuguzi Asilipwe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: PONGEZI KWA KUMKINGA MWANAFUNZI WA UUGUZI NA UJIRA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kutoka huku Sumbawanga, juu Ufipa, naipongeza Wizara kwa mafanikio ambayo hotuba za bajeti huyasahau: kijana anayesomea uuguzi anaweza kufanya kibarua chochote isipokuwa cha hospitali. Ruksa kukaanga chipsi, kuuza vocha stendi, kupalilia mahindi ya watu kule Laela au kubeba magunia msimu wa mavuno. Akiomba zamu mbili za wikendi za kusukuma machela na kulisha wagonjwa, ataambiwa nafasi hiyo haipo. Ni kweli haipo. Muundo wa utumishi unamtambua mhudumu wa afya aliyemaliza kidato cha nne, akasoma kozi ya mwaka mmoja, akapita Sekretarieti ya Ajira na kuajiriwa moja kwa moja. Mtu wa Jumamosi na Jumapili haumjui.

Kazi yenyewe, hata hivyo, ipo tele, na hufanywa kila siku na ndugu wa mgonjwa. Anayemleta mama yake kutoka Kirando au Mtowisa huja na beseni, khanga na mkeka. Ndiye atakayemgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha, kufua na kumwaga uchafu. Hakuna anayemuuliza cheti. Wadi hiyohiyo hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wanaotandika vitanda na kuogesha wagonjwa chini ya jicho la muuguzi wa zamu, bure, kwa kuwa mtaala unataka hivyo. Nimejaribu kuielewa sayansi iliyomo humu. Jumanne, akiwa na daftari la mazoezi mkononi, mwanafunzi anaaminika kumgeuza mgonjwa. Jumamosi, akiwa na posho mfukoni, mikono ileile imekuwa hatari kwa afya ya jamii. Inaelekea kinachoambukiza ni hela.

Najua majibu yatakayotoka ofisini. La kwanza ni usalama, nalo lina uzito: mwanafunzi akipewa kazi, kuna siku wadi itazidiwa naye atasukumiwa sindano. Lakini hatari hiyo ipo hata sasa kwa mwanafunzi asiyelipwa, na dawa yake ni usimamizi. Sijapata kusikia kwamba njaa ni aina ya usimamizi. La pili ni kwamba kibarua kitamlia muda wa masomo, kana kwamba magunia hayauli. Ujerumani humlipa mwanafunzi wa uuguzi kila mwezi kwa miaka yote mitatu ya mafunzo, na bado wanapata wauguzi. La tatu ni hofu kwamba wahudumu walioajiriwa watanyang'anywa kazi. Hili ndilo linanifanya nisite, maana mwajiri akizoea vibarua husahau kuajiri. Ndiyo sababu zamu hizo zichukue kazi anayobebeshwa ndugu wa mgonjwa, zisiguse nafasi ya mhudumu hata moja. Kuhusu fedha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Serikali inawakopesha wanafunzi wa stashahada, wa afya wakiwemo. Yaani tunamkopesha ili asome, tunamnyima zamu ambayo ingempunguzia deni, kisha akihitimu anakaa akisubiri ajira huku akishauriwa ajitolee apate uzoefu. Hapo ndipo mlango wa hospitali unapofunguka wazi, mradi bado halipwi.

Hospitali za rufaa za mikoa, ya hapa Sumbawanga ikiwemo, zimo chini ya Wizara yako, kwa hiyo waraka wa ukurasa mmoja unatosha: mwanafunzi kuanzia mwaka wa pili, zamu chache kwa wiki, hagusi dawa wala sindano, anawajibika kwa muuguzi wa zamu, analipwa kutoka mapato ya ndani. Iwapo ombi hili litaonekana zito, naomba basi waraka wa kinyume chake, ili sheria iwe moja kwa wote: kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao, kila ndugu wa mgonjwa awasilishe mapokezi nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kozi ya mwaka mmoja kabla ya kushika beseni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi, Sumbawanga