Bei Njoo Inbox

Kwenye soko la mifugo la Isiolo, mbuzi hauzwi kwa picha. Mnunuzi humfungua mdomo akayatazama meno, akampapasa mgongo, akamtembeza, ndipo dalali aanze kuapa. Uongo upo, tena tele, lakini husemwa ana kwa ana, na mwenye kuusema ukoo wake unajulikana.

Siku hizi tumestaarabika. Viatu vya ngozi vinapigwa picha Italia, vinatangazwa Nairobi, vinalipiwa Isiolo kwa M-Pesa, vinapakiwa kwenye matatu kupitia Nanyuki, na vikifika vimeshageuka plastiki. Labda ni ile baridi ya Mlima Kenya. Ukiuliza bei hadharani unaambiwa “njoo inbox”, kana kwamba umekuja kuposa. Ukiomba kulipa mzigo ukishafika, muuzaji anaumia roho: kwani humwamini? Yeye kukuamini wewe, hapana. Hiyo ni sera ya duka.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti akupe maelezo ya msingi kabla hamjafunga mkataba. Sheria nzuri sana. Ila duka lenyewe ni namba ya simu, na namba hiyo imeshakufungia.

Basi madalali wetu nao wajifunze. Wampige picha ngamia mnene, mteja wa Nairobi alipe kwanza, kisha apokee mbuzi mwenye shingo ndefu kidogo. Nauli juu yake, na mali ikishauzwa hairudishwi.