Uzamivu wa Usalama wa Mtandao: Anzia Mnadani

Kwanza futa ile sentensi ya mwanzo wa maombi yako. Unaijua: "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia..." Anayesoma maombi ya ufadhili ameshakutana nayo tangu asubuhi, na akiiona kwako atadhani ameshakusoma. Futa na aya inayofuata, ile yenye wadukuzi wa Urusi na benki za Marekani. Wadukuzi wapo na benki zinaibiwa, lakini kamati haihitaji mtu wa Bagamoyo ili kulijua hilo.

Sasa vaa kandambili ushuke kwenye mnada wa samaki, jirani na forodha ya zamani, boti zikishaingia. Dodoso liache nyumbani. Tafuta kivuli karibu na meza ya wakala wa pesa, ukae. Muda si mrefu atakuja mzee aliyelipwa samaki wake kwa simu. Maandishi ya simu hayaoni vizuri, kwa hiyo anamkabidhi wakala simu yenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, nitolee elfu ishirini."

Kisha anaitaja namba ya siri, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuushinda upepo. Foleni nzima imeisikia, na hakuna anayeshtuka.

Usimcheke babu. Wakala yule ni mtoto wa jirani yake, amemwona akikua, na uaminifu wake ameupima kwa njia ambayo hakuna programu inayoiweza. Walioitengeneza menyu ya simu walidhani kila laini ina mtu mmoja, mwenye macho yake na siri yake. Huku simu moja inaweza kuhudumia nyumba nzima. Utamlindaje babu bila kumnyima msaada anaouhitaji? Na itakuwaje siku wakala amesafiri, mezani kakaa mwingine? Swali hilo likikunyima usingizi, tasnifu umeshaipata, na mimi naliona zito kuliko mada kumi za kuazima.

Ule ujumbe wa matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", nao usiudharau eti umezoeleka. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imetoa namba 15040 ya kuripotia utapeli, na *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Ujumbe bado unaingia. Nani Dunda au Magomeni anaijua 15040? Anayeijua, kwa nini haripoti? Utafiti huo unafanyika kwa miguu, na majibu yake yanaweza kumwokolea mama lishe mtaji wake wa wiki nzima.

Kama samaki hawakuvutii, Bagamoyo ina Taasisi ya Afya Ifakara. Hapa palikuwa kituo kimojawapo kati ya 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Wazazi wa hapa walikubali watoto wao wachomwe sindano kwa faida ya watoto wa dunia. Taarifa za watu wa namna hiyo zitunzwe vipi, kwa miaka mingapi, nani aruhusiwe kuzifungua? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ni sheria changa, na anayeitafiti sasa atasaidia kuifundisha kutembea.

Kuna kishawishi kimoja lazima nikitaje kwa ukali. Usijaribu mfumo wa mtu ili kupamba maombi yako. Kuandika "nilifanikiwa kuingia kwenye mfumo wa taasisi fulani" unaona ni sifa, kumbe umekiri kosa na kusaini chini yake. Kuingia bila ruhusa ni jinai kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kusema ulikuwa mwanafunzi si ruhusa. Omba idhini ya maandishi kwa mwenye mfumo. Akikataa, badili njia.

Wapi pa kuomba? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya TEHAMA Kijitonyama, cha Dodoma kina yake, na Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha. Kwa fedha, tazama mfuko wa RSIF unaosimamiwa na icipe ya Nairobi: TEHAMA ni moja ya maeneo yake, na mwanafunzi husajiliwa chuo cha Afrika kisha akapata muda wa utafiti kwa washirika nje ya bara. Mtumishi wa chuo kikuu cha umma aulize ofisini kwake kama mradi wa HEET, ule wa elimu ya juu, bado unalipia masomo. Aliyeajiriwa Ifakara, na swali lake ni la taarifa za afya, aisome vizuri CARTA, programu ya kuwaandaa watafiti wa Afrika, ambayo huwakusanya wanafunzi wake kwenye semina nne za pamoja. Hizo semina nazipenda kuliko posho. Uzamivu huua watu kwa upweke kabla ya njaa, na mtu wa fani hii anapata taabu zaidi, maana mambo mengi anayoyaona hawezi kuyasimulia kijiweni.

Msimamizi mwandikie barua yake peke yake. Wapo wanaotuma barua pepe moja kwa maprofesa ishirini, salamu ikabaki na jina la profesa wa jana. Soma makala yake moja mpaka mwisho, umwambie ulipokubaliana naye na ulipokwama. "Shikamoo Prof." inatosha, sifa za kurasa mbili hazimsaidii mtu.

Kabla ya usaili, panda daladala ya Makumbusho. Ni kilomita 70 hivi, na jirani yako wa kiti hana pa kukimbilia. Mweleze swali lako. Mkifika Bunju hajaelewa, tatizo liko kwenye andiko. Mkifika Mwenge akaanza kukusimulia alivyotapeliwa yeye, liache andiko kama lilivyo.

Vibali vianze mapema. Barua inatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na makao makuu ya mkoa wa Pwani ni Kibaha, si Bagamoyo. Kisha inarudi wilayani, ikashuka kwa mtendaji wa kata. Ukigusa taarifa za afya, ongeza kibali cha maadili. Hiyo miezi iweke kwenye ratiba waziwazi. Kamati humwamini anayeijua njia ya Kibaha kuliko anayeahidi kukusanya taarifa zote kwa wiki mbili.

Ukiitwa, uliza na wewe. Karo inalipwa lini, kabla au baada ya chuo kufunga usajili? Msimamizi akihama, nani anakupokea? Fomu ya ridhaa italipiwa kuandikwa kwa Kiswahili anachokielewa mvuvi, na asiyesoma atasomewa na nani? Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuja kwenye semina na mtoto na mlezi wake, na nauli ya mlezi iko kwenye bajeti? Hilo la mwisho uliza hata kama ni mwanamume usiye na mtoto.