Barua ya Wazi kwa Idara za Afya za Kaunti za Kitui na Makueni Kuhusu Zawadi za Kampuni za Dawa



Barua hii inatanguliza pongezi. Makueni inasifika kwa kamati zake za usimamizi wa miradi, yaani wananchi wanaochaguliwa kukagua kazi ya mkandarasi kabla hajalipwa, na tangu 2020 imo katika Ushirikiano wa Serikali Wazi, mpango wa kimataifa wa serikali zinazoahidi uwazi. Saruji ya zahanati hukaguliwa na kijiji, lakini kalamu inayoandika dawa ndani ya zahanati hiyo hiyo imeachiwa faragha yake, na busara ya mpango huo haijawahi kusifiwa inavyostahili.

Wawakilishi wa kampuni za dawa, ambao kazi yao duniani kote ni kuwazungukia madaktari na matabibu wakizinadi bidhaa zao, aghalabu hawaji mikono mitupu: huja na sampuli, chakula cha mchana, na pengine udhamini wa kongamano katika hoteli ya pwani, kwa kuwa shinikizo la damu, kama ijulikanavyo, hueleweka vyema karibu na bahari. Familia iliyolipa shilingi 500 kwa mwaka katika MakueniCare, bima ya afya ya Makueni iliyoanza 2016, au shilingi 1,000 katika bima ya Kitui ya 2018, haina sababu ya kujisumbua kuuliza kwa nini mgonjwa wake, dawa zikikosekana hospitalini, ametumwa dukani na jina la biashara, yaani jina ambalo kampuni moja hulitumia kuuzia dawa yake, ilhali dawa yenye kiambato kile kile huenda ikapatikana kwa bei nafuu.

Marekani, kwa sheria ya 2010, huchapisha tangu 2014 jina la daktari, kampuni na kiasi alichopewa, hata mlo; Ufaransa ilitunga sheria ya namna hiyo 2011. Ni mataifa yenye nafasi ya kuhesabu sahani. Kenya nayo, katika Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, iliagiza taasisi za umma ziwe na daftari la zawadi, na bila shaka madaftari hayo ni safi mno, kwani hakuna mgonjwa anayeyachafua kwa kuyasoma.

Idara zikichoshwa na usafi huo, ziyabandike kwenye kuta za vyumba vya kusubiria, kwa Kiswahili na Kikamba, yakitaja mtoaji, mpokeaji na thamani. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya: haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba tangu 2010.